Mitungi Inaposema

Nyumba ya kina Mahrous, kule Samad Ash Shan, ilikuwa na majina mawili. Wenye adabu waliiita Sabla ya Juu, kwa ajili ya baraza yake ya wageni iliyokaa kilimani juu ya mashamba ya mitende. Wasio na adabu, na hao siku zote ndio wengi, waliiita Nyumba ya Mitungi, kisha wakanyanyua nyusi. Bi Shaikha binti Hood aliziona nyusi hizo tangu siku aliyoingia pale bibi harusi, na mpaka anakuwa bibi kizee wa meno ya bandia zilikuwa bado hazijashuka.

Yeye hakuzaliwa pale. Ni mtoto wa Unguja, wa Mkunazini, kaja Omani na wazee wake miaka ya sabini, na sanduku moja na Kiarabu cha kusomea Kurani tu. Mama mkwe wake, Bi Tufool, alikuwa na maneno matatu ya Kiswahili: njoo, lete na basi. Kwa maneno hayo matatu akamfundisha kazi ya nyumba ile, nayo ilikuwa kutengeneza siki ya tende. Kutwa wameinamiana, mmoja anaonesha, mmoja anaiga. Na wakapendana, msione ajabu. Mama mkwe asiyejua kukutukana ukamwelewa ni rahisi kumpenda.

Sasa siki, kwa asiyejua, haianzi siki. Unaloweka tende katika mtungi wa udongo, unafunika kitambaa, unaacha. Baada ya siku mbili tatu mtungi unaanza kusema: puku, puku, puku, povu linapanda, utadhani kuna mtu ndani anapika. Hapo tende zinachacha, na maji yale ni ulevi, haramu, usiyaguse. Ukivumilia, mtungi unanyamaza wenyewe, na ulevi unageuka siki, halali, unaweza kumtilia hata sheikh kwenye achari yake. Kwa hivyo kazi yote ya siki ni subira.

Na babu Mahrous, baba yake mume wa Bi Tufool, Mungu amsamehe, hakuwa na subira. Ndivyo walivyosema watu. Zama zake wasafiri wa ngamia waliotoka Sur na papa mkavu kwenda Nizwa walilala pale. Mbele, kwenye sabla, walinyweshwa kahawa na kulishwa tende, na mazungumzo mazuri ya watu wazima. Nyuma palikuwa na dirisha dogo. Aliyejua kugonga dirisha lile alipewa bakuli, na kilichokuwemo ndani ya bakuli hakikuwa kahawa. Chini ya sabla palikuwa na shimo lililochongwa katika jiwe, chumba kizima, na ngazi ya kushukia, na mitungi imepangwa ukutani kama watu wanaosali. Mitungi ile ndiyo iliyolilisha dirisha.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Habari zikamfika liwali, liwali akatuma askari wavunje mitungi. Wa kwanza akashuka na rungu lake. Wenzake wakasubiri kusikia udongo ukivunjika, wasisikie kitu. Wa pili akamfuata, akimwita kwa jina, na katikati ya kuita akanyamaza. Hakushuka wa tatu. Walipotolewa kesho yake hawakuwa na jeraha wala alama, na mtungi hata mmoja haukuvunjika. Watu wakasema: shimo lina wenyewe, na wenyewe wamedai haki yao. Mahrous akaufunga mlango, akafa mwaka ule ule, na dirisha likazibwa likafutika.

Bi Tufool ndiye aliyelifungua tena shimo baada ya miaka, maana njaa haiogopi jini. Lakini aliweka sharti. Mitungi inaposema, hashuki mtu kabla ya taa. Alikuwa na kandili yake, aliyoifunga kamba ya makuti, akaiteremsha polepole juu ya ngazi mpaka sakafuni, huku anasoma dua. Ikiwaka kule chini, bismillah, shuka. Ikizimika, "wenyewe wamo", na mlango unaachwa wazi mpaka kesho. Ukutani mwa shimo, chini kabisa, kulikuwa na tundu mbili zilizotokea upande wa shambani, na hizo hakutaka zizibwe hata kwa kitambaa. Wenyewe nao, alisema, wanataka pa kutokea.

Shaikha aliyashika yote hayo bila ya kuuliza. Angeuliza kwa lugha gani? Na yeye katoka Unguja, mambo ya wenyewe hayakuwa mageni kwake. Katika umri wake aliiona kandili ikizimika mara nyingi, kule chini, bila ya upepo, kama mtu kaibana kwa vidole, na kila mara mwili ulimsisimka.

Bi Tufool akafa. Mume akafa. Siki ya chupa ikajaa madukani Mudhaibi, na Bi Shaikha akabaki na mitungi michache, ya jamaa na majirani, na mtoto mmoja wa kiume, Aflah.

Aflah alikuwa mtu mzima sasa, mwenye kazi ya serikali na ndevu zilizoanza mvi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita kumbusu mama yake kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umekunywa chai?" Hivyo kila siku. Mkewe, Badriya, ni wa Ibra, wazee wake watu wa Pemba lakini yeye kazaliwa huku huku, na Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea. Bi Shaikha alikuwa akimtania: "Wewe mwanangu Kiswahili umekikuta sokoni, umeokota vilivyoanguka."

Basi Aflah akapata fikra. Watu siku hizi wanafufua nyumba za kale, wanaweka mikeka na matakia, wageni wanatoka Nizwa na Maskati kuja kukaa. Yeye angeifungua sabla ya babu yake. Kahawa, haluwa, na sharubati ya siki na asali, ile ya kizamani, inayokata kiu ya mchana wa jua kali. Na wageni washuke chini, waione mitungi, waisikie inavyosema.

"Kwa nini unajitia katika jambo hili?" mama yake alimwuliza. "Huna njaa."

"Mama," alisema, na macho yake yakawa mekundu, "nikiwa skuli waliniita mtoto wa dirisha la nyuma. Mpaka leo kazini yupo mmoja huninong'onea. Nataka watu waingie nyumba hii kwa mlango wa mbele, mchana, na watoto wao mkononi. Basi. Sitaki kingine."

Maneno hayo yalimwingia mama mtu. Maana na yeye zile nyusi zilimchosha. Akasema, "Haya baba, Mungu akutilie kheri," na toka siku ile moyo wake haukutulia, wala hakujua kwa nini.

Mafundi wakaja. Sabla ikapakwa, ikang'ara. Shimoni Aflah hakutosheka na mitungi michache. Akanunua mingine Bahla, akaijaza ukuta mpaka ukuta, yote mipya, yote tende zimelowekwa kwa pamoja. Siki ya mwaka jana, mitungi miwili, ikasukumwa pembeni kabisa. Ule mlango wa mbao uliojaa nyufa ukatolewa, ukawekwa wa alumini wenye kioo, unaofunga sawasawa, ili harufu isiwapandie wageni. Na zile tundu mbili zikazibwa kwa saruji, kwa sababu ya nyoka. Bi Shaikha alisimama akamtazama fundi anavyosawazisha saruji ile kwa mwiko. Alifungua mdomo aseme, akaufumba. Aseme nini? Wenyewe watatokea wapi? Mbele ya fundi?

La kandili ndilo walilogombania.

"Mama, wageni wakikuona unateremsha taa kwa kamba na kusoma, watasema nini? Tumetoka katika ulevi tuingie katika uchawi?"

"Si uchawi. Ni mila ya nyumba."

"Najua. Lakini sikiliza." Hakumpandishia sauti, Aflah hajapata kumpandishia mama yake sauti. "Nitakuwekea taa ya umeme kule chini, katikati, iwake usiku na mchana. Wewe utachungulia kwenye kioo. Ikizimika, hashuki mtu. Ikiwaka, unatoa ruhusa. Wallahi mama, bila ya ruhusa yako hashuki mtu nyumba hii, awe mimi, awe waziri. Taa si taa?"

Bi Shaikha akafikiri. Taa ni taa kweli. Anayeweza kuzima moto atashindwa kuzima umeme? Akakubali, na ile kandili akaiweka rafuni, na mafuta yake ndani.

Mwanzoni hakuiamini. Halafu asubuhi moja akachungulia, kiza! Taa imezimika. Mwili ukamsisimka kama zamani. Akasimama mlangoni kautilia mgongo, akakataa fundi asishuke, na fundi umeme alipokuja alimkuta bado yupo pale. Yule bwana akaenda kwenye kisanduku cha swichi, akakuta moja imeanguka, akaipandisha, taa ikawaka. Akacheka. Badriya akacheka. Aflah akacheka kidogo, kwa heshima. Bi Shaikha hakucheka, lakini moyoni alisema: kumbe na hii wanaizima. Toka hapo akaiamini. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walikwisha sema, lakini msala ule ulikuwa unang'ara kweli.

Mitungi ikaanza kusema. Lo, na ilikuwa mingi! Zamani ulisikia puku, puku. Safari hii ilikuwa mvumo mmoja, mchana na usiku, unaoupata mpaka jikoni, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili na wewe husikii neno. Aflah alifurahi. "Unasikia, mama? Wageni wataipenda." Bi Shaikha alikuwa akilala na mto juu ya sikio.

Badriya akashuka kupangusa kioo cha taa, akapanda mbio, kajishika ukuta. "Mama, kichwa yangu inauma. Huko chini, joto, moyo inakwenda dug, dug."

"Rangi mpya hiyo," Aflah akasema.

Bi Shaikha akachungulia. Taa inawaka. Akamchemshia Badriya tangawizi.

Kisha paka akapotea. Paka wa Badriya, mweupe, aliyependa kulala ngazini kwa ubaridi wa jiwe. Walimwita uani, walimwita shambani, wakaweka samaki kwenye sahani, samaki akaliwa na sisimizi. Bi Shaikha akasema, "Paka haondoki nyumba ya samaki." Badriya akanuna, na habari ya paka ikaishia hapo, maana Ijumaa ilikuwa inakuja, na Ijumaa ndiyo siku ya ufunguzi.

Ikaja. Baada ya Sala ya Ijumaa gari zikaanza kupanda kilima, watu wa Ibra, jamaa wa Nizwa, hata yule mnong'onaji wa kazini kaja na watoto wake watatu. Kwa mlango wa mbele. Aflah alivaa kanzu nyeupe na kofia mpya ya kazi ya mkono, uso unamwaka kama wa bwana harusi. Jirani yao Suud, mtu wa miraba minne na roho ya mtoto, alishika dele la kahawa akimimina kwa kila anayeingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Shaikha alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa shimo, katika nguo yake ya sikukuu, na watu wakaja kumwamkia mmoja mmoja. Akatazama nyusi zao. Zilikuwa zimetulia. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile zilikuwa zimetulia, na akahisi machozi.

Aflah akapiga makofi. "Jamaa, kwanza tutakunywa sharubati, kisha nitawateremsha nyote mkaisikie mitungi. Nakwenda kuchota siki ya mwaka jana." Akachukua jagi, akaja mbele ya mama yake, akainama ili kila mtu aone. "Lakini nyumba hii ina mila. Hashuki mtu bila ya ruhusa ya mama. Mama, nishuke?"

Watu wakatabasamu. Watoto wakasogea kusikiliza.

Bi Shaikha akanyanyuka. Akaweka kiganja juu ya kioo, akachungulia. Mitungi ilikuwa inavuma mpaka kioo kinatetemeka chini ya vidole vyake. Ndani kweupe. Taa inawaka, imara, haina hata kuyumba.

"Taa inawaka," alisema. "Shuka baba. Bismillah."

Akashuka. Walimsikia akishuka, ndara zake zinagonga ngazi, akiimba kidogo. Walimsikia akifika. Bi Shaikha alimwona akipita kati ya mitungi, akainama pembeni kuchota. Hakuinuka. Jagi likagonga jiwe.

"Aflah?"

Hakuitika. Alikuwa kalala ubavu, chini ya mwanga ule mkali, kofia imemvuka, na nyuma ya mguu wake, baina ya mitungi miwili, palikuwa na kitu kidogo cheupe. Bi Shaikha alikitazama kitu kile mpaka akakijua. Paka.

Badriya alikwisha fika mlangoni, anapiga kelele, mguu mmoja ngazini. Bi Shaikha akamkamata nguo, akamkamata nywele, akamvuta wakaanguka wote wawili. "Niache! Mume wangu! Mama, niache!" Suud akatupa dele, akaja mbio, na yule kizee, miguu yake inayomshinda hata kwenda msikitini, akasimama akajitanda mlangoni mikono huku na huku.

"Hapiti mtu!"

"Bi Shaikha, mtoto wako yuko chini!"

"Namwona! Mimi ndiye ninayemwona! Wa pili alikwenda kumtoa wa kwanza, Suud, hukusikia? Hukusikia habari ya nyumba hii wewe? Nipeni kandili yangu!"

Mtu akampa. Kibiriti cha kwanza kikavunjika. Akaiwasha, akaishika kamba, akaiteremsha, sabla nzima ikitazama. Haikufika hata nusu ya ngazi. Moto ukajikunja, ukawa wa buluu, ukazimika, huku chini yake ile taa ya umeme inawaka kama mchana.

Hapo ndipo alipofahamu. Hakujua jina la kitu, lakini alifahamu kosa lilipo, lote, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Wenyewe wamo. Walikuwamo siku zote. Na taa ile hawaizimi, hawana habari nayo.

"Suud! Zunguka shambani, uvunje ile saruji! Chukua mtaimbo! Kimbia!"

Suud akakimbia, na wanaume nyuma yake. Wengine wakapiga simu. Walisikia mtaimbo ukipiga upande wa pili, na kila pigo Badriya alikuwa akilia jina. Bi Shaikha aliiwasha kandili, akaiteremsha, ikazimika. Akaiwasha, akaiteremsha, ikazimika. Alimtazama mwanawe chini pale, kila unywele wa ndevu zake unaonekana, ngazi chache tu baina yao, na hakuteremka, na hakumwachia mtu kuteremka. Kuna mama gani duniani aliyepewa kazi kama hiyo? Saruji ikapasuka. Kandili ikashuka chini zaidi, ikayumba, ikazimika. Halafu ikashuka mpaka sakafuni, ikawaka.

"Sasa," akasema, akaondoka mlangoni.

Watu wa uokozi nao walikuwa wamefika na vifaa vyao. Wakamtoa, wakamlaza sabla katikati ya matakia mapya, wakafanya yao yote. Kisha wakaacha. La hawla wala quwwata illa billah. Mkubwa wao, kijana mwenye adabu, alipiga magoti akamweleza mama kwa Kiarabu cha upole: tende zinapochacha hutoa hewa nzito, haina rangi, haionekani, inakaa chini kama maji ndani ya birika, na mtu akiinama ndani yake hana hata muda wa kuita. Moto hufa kabla ya mtu. Akamsifu: angewaachia watu wangeshuka, na leo pangekuwa na maiti wengi. Bi Shaikha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Mungu akubariki mwanangu, kanywe maji.

Aflah akazikwa. Wageni wakaja tena, wengi kuliko Ijumaa, wote kwa mlango wa mbele. Siku ya tatu ya tanga wanawake walikuwa wamejaa ndani, na jirani mmoja, Fawziya, mwenye ulimi lakini hana ubaya, akataka kumliwaza mzazi. Akashusha pumzi.

"Vijana wa leo, dada yangu. Unasema, hawasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Bi Shaikha akanyanyua uso.

"Aflah alisikia la mkuu, Fawziya. Alikuja akainama hapa mbele yangu akaniuliza, mama, nishuke? Mkuu ni mimi. Mimi nikamwambia shuka."

Badriya, pembeni, aliacha kulia, akamtazama mama mkwe wake kwa macho makavu, na Bi Shaikha hakuyakimbia macho yale. Akanyanyuka kwa taabu, akashika ukuta, akaenda peke yake mpaka sabla.

Mlango wa shimo ulikuwa wazi. Chini mitungi ilikuwa bado inasema, na ndara moja ya Aflah ipo pale pale pembeni. Taa inawaka. Katika shughuli zote zile hakuna aliyekumbuka kuizima, na yeye hajapata kuigusa, maana mapatano yao yalikuwa iwake usiku na mchana. Akapapasa ukutani mpaka akaipata swichi. Akaibonyeza kwa kidole kimoja, na ikazimika mara moja.